Feri kwa macho ya mama karanga: samaki ninaowala na samaki ninaowaachia paka

Binti yangu mkubwa ana ujauzito wa miezi mitano. Jumapili alikuja kula kwangu, nikamtengea kipande cha nguru wa kupaka, tui zito, ndimu juu. Akaisogeza sahani pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mende. "Mama, huyu wa Feri?" Nikamwambia wa soko la Feri hapa Dar, kwani wewe umekula wa wapi tangu uache ziwa? Ndipo akanitolea simu. Kwenye kundi lao la wajawazito kuna mtu karusha ujumbe kwamba samaki wa Dar wanaogelea kwenye maji ya vyoo, na mjamzito akiwala anamuharibu mtoto tumboni.

Ningeweza kukasirika, hasa kwa bei niliyomnunulia yule nguru. Lakini nimekuwa mama karanga mwaka wa kumi na tisa sasa (kwa mgeni wa mji: siuzi njugu, ni karanga ya kukaranga, nakaanga samaki na kuwauza jioni kwenye kabati la vioo pale Buguruni), na swali hilo wateja wameniuliza mara nyingi nikalijibu kwa mzaha: "Mbona mimi sijafa?" Mwanangu mwenyewe siwezi kumjibu hivyo. Kwa hiyo haya ni maoni yangu kuhusu soko la Feri na samaki wake, na nani ni salama kumla.

Nianze na soko. Nafika Kivukoni saa kumi na moja alfajiri, giza bado, pantoni ya Kigamboni ikiwa imewasha taa zake zote kama harusi. Mnada unakuwa umeshachangamka. Dalali amesimama juu ya zege, miguuni ana sinia la changu, anapandisha bei kwa wimbo: "Ishirini, ishirini, na moja nani, na mbili mama wa kilemba, na mbili, na mbili..." Ni elfu hizo. Ukikuna sikio umenunua. Siku yangu ya kwanza niliuziwa ndoo nzima ya chuchunge kwa sababu nilimpungia mkono jirani yangu. Nikawabeba, nifanyeje, nikakaanga chuchunge siku mbili.

Kwa mnada ule, soko linapata alama tisa kwa kumi. Samaki anashushwa chomboni, anapitishwa mbele yako, anauzwa, hapati muda wa kukaa juani. Jengo lenyewe tulijengewa kwa msaada wa Wajapani, likafunguliwa mwaka 2002, na lina mpangilio: huku mnada, kule wanapara, kule majiko ya kukaanga, kwingine wanashona nyavu. Nenda na kandambili zenye meno chini, si zile zilizosagika. Na pesa weka ndani, usiishike mkononi, maana ukionekana na wekundu wa Msimbazi (noti za elfu kumi) wawili watatu bei inapanda kabla hujasalimia.

Sasa tuje kwa yale maji ya vyoo, maana hapa watu wanachanganya vitu viwili.

Samaki wa Feri na samaki aliyevuliwa mbele ya Feri si samaki mmoja. Ukisimama sokoni ukatazama mlango wa bandari, unaona maji, meli, na vijana wa mishipi wamekaa kwenye mawe. Mgeni anadhani samaki wote wametoka hapo. Muulize nahodha. Huyu katoka Mafia, yule Kilwa, wengine wamelala usiku kucha nje huko wakiwinda kwa taa. Wengine wanakuja kwa gari, kwenye makasha ya barafu, kutoka kusini. Kuna na vibua wa boksi waliogandishwa, wanaotoka nchi za mbali kabisa. Kusi linapovuma bahari ikachafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki anakuwa wa karibu zaidi na bei inauma. Kaskazi mambo yanafunguka. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji, kabla ya bei, ni "Katoka wapi huyu?" Muuzaji wa kweli anakujibu kwa jina la mahali. Anayejibu "baharini, mama" namwacha.

Maji ya karibu nayo nitayasema yalivyo. Jiji hili, kwa sensa ya 2022, lina watu zaidi ya milioni 5.3, na wengi wetu choo ni shimo. Masika shimo linajaa, na wapo majirani wanaosubiri mvua kubwa wafungulie. Mnawajua. Maji hayo yanaingia mferejini, mfereji unaingia Msimbazi. Mto Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, njiani unapokea vya machinjioni, vya viwandani na vya gereji, halafu unatapika vyote baharini pale daraja la Selander. Upande wa pili, Kizinga na Mzinga inamwagia kwenye hori la bandari kwa nyuma. Na maji taka ya katikati ya mji kwa miongo mingi yamekuwa yakipelekwa baharini kwa bomba, kama yalivyo. Watafiti wamepima udongo na mboga za bonde la Msimbazi mara nyingi na kukuta madini mazito, risasi ikiwemo. Kama mchicha unayo, tope la mlangoni mwa mto litakosaje?

Tope ndilo la kuogopa. Haya nimeelezwa na mtoto wa dada yangu, aliyesomea uvuvi Mbegani, Bagamoyo. Ni bwana samaki mtarajiwa na ana mdomo wa kutosha wizara nzima. Alikuja Buguruni siku moja akanikuta na kombe kwenye sufuria, nimewanunua kwa watoto wanaookota maji yakitoka, karibu na mdomo wa mto.

"Mama mdogo, unajua kombe anakula nini?"

"Anakula mchanga, mimi najuaje?"

"Anachuja maji. Anayavuta, anabakiza vilivyomo, anayatoa. Kutwa, usiku kucha. Chochote kinachopita mbele yake, choo, rangi, mafuta ya gereji, kinabaki tumboni mwake. Na wewe unamla na tumbo lake."

Nilitazama sufuria. Changu unamtoa utumbo, unamtoa mashavu, unakula mnofu. Kombe huna cha kumtoa, na vilevile chaza. Moto unaua vijidudu vya kuhara, ukichemsha kweli, lakini risasi haiivi. Ukikaanga, ukichemsha, ukikausha, ipo. Tangu siku hiyo siokoti wala sinunui kombe wa kuanzia Feri mpaka ng'ambo ya Selander, hata wawe wanono namna gani. Wa huko mbali, kwenye maji safi, nawala, tena kwa pilipili.

Wale vijana wa mishipi wa kwenye mawe nao wananipigia kelele kila siku: "Mama, mkizi huyu, bado anaruka!" Ni kweli anaruka. Upya hana tatizo. Lakini mkizi anapenda maji ya mdomo wa mto na chakula chake anakitafuta kwenye lile lile tope. Mara moja kwa mwezi mtu mzima akimla sidhani kama litamkuta jambo. Kumfanya mboga ya nyumbani kila siku, na una watoto wadogo, mimi hapana. Na wiki ya mvua kubwa, mwezi wa nne, ukiona bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa mpaka kule karibu na daraja la Tanzanite, usinunue chochote cha pwani ya hapo. Maji hayo yamepita kwenye vyoo vya watu, mengine yamepita kwangu.

Nikarudi kwa mwanangu na nguru wake. Nilidhani nguru ndiye salama kuliko wote, maana anavuliwa mbali, hajui hata Msimbazi uko wapi. Nikampigia mpwa wangu simu nipate ushahidi wa kumnyamazisha dada yake. Akanigeuka.

Kwa mjamzito, akasema, nguru ndiye wa kupunguza. Si kwa sababu ya Dar. Kuna zebaki. Inaingia baharini kwa njia nyingi, moshi wa makaa ya mawe duniani huko, machimbo ya dhahabu, na baharini vijidudu vinaigeuza kuwa aina inayoshika kwenye mwili. Dagaa anapata chembe. Kibua anakula dagaa mia, anabeba za wote mia. Jodari anakula vibua, papa anakula jodari. Kadiri samaki anavyokuwa mkubwa, mzee na mla wenzake, ndivyo mzigo unavyokua, hata awe amevuliwa kwenye maji ya buluu kabisa. Papa, nduaro, nguru wakubwa, hao wataalamu wanawashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wajiepushe nao, kwa sababu zebaki inashambulia ubongo unaojengeka. Tasi, dagaa, changu wadogo, hao wale tu, tena wale hasa, kwa kuwa mtoto tumboni anawahitaji.

Halafu akanisimulia habari ya Minamata, ghuba moja kule Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka na miaka, samaki wakaibeba, watu wakala. Mwaka 1956 ndipo madaktari walipoanza kuripoti watu wanaotetemeka, wasioweza kushika kijiti cha kulia chakula, na baadaye ikagundulika kuna watoto waliozaliwa na ulemavu ilhali mama anaonekana mzima. Lakini kabla ya watu, walianza paka. Paka wa wavuvi walikuwa wakizunguka, wakirukaruka kama wamepandwa na pepo, wengine wakijitupa majini.

Sasa nyie mnaojua Feri mnajua paka wa Feri. Wanono, wana nyodo, wanachagua. Umtupie kichwa cha kibua anakiangalia kwanza. Asubuhi iliyofuata badala ya kutazama sinia nilikuwa natazama paka, nusu saa nzima, nione kama kuna anayeyumba. Yupo mmoja mweupe mwenye sikio lililokatika, anakula utumbo wa samaki pale miaka mingi kuliko wapangaji wangu wanavyokaa. Aliruka juu ya meza ya mparaji, akanyakua kipande, akapita katikati ya miguu ya watu sita bila kumgusa hata mmoja. Nikajisemea, huyu ubongo anao.

Mpwa wangu aliposikia alicheka mpaka simu ikakatika. Paka si maabara, mama mdogo.

Lakini nitasema kitu ambacho ujumbe wa kundi la wajawazito haukukisema. Katika miaka kumi na tisa, samaki aliyewahi kuwadhuru wateja wangu hakuwa na choo wala zebaki. Alikuwa kibua mzuri kabisa wa bahari kuu, na kosa lilikuwa langu.

Siku ile niliamka na homa, sikwenda Feri. Saa saba mchana akapita kijana wa bodaboda mtaani na ndoo ya vibua, bei ya kutupa. Macho yao yalikuwa hayajaingia ndani sana, harufu si mbaya, barafu hakuna. Nikanunua ndoo yote. Nikawaosha kwa ndimu na chumvi, nikawakaanga mpaka wakalia kwenye mafuta. Jioni mteja wa kwanza, fundi baiskeli, kala wawili na ugali. Hata robo saa haikupita, uso ukawa mwekundu kama nyanya, shingo inawasha, moyo unamwenda mbio, kichwa kinagonga. Akafuata mwanamke mmoja na mwanawe. Mtaa mzima ukajaa mbele ya kabati langu. "Umewatilia nini?" Wengine walishaanza kutaja mambo ya kishirikina, kwamba natafuta wateja kwa dawa.

Zahanati wakapewa dawa ya mzio, kufikia usiku wakawa wazima. Mganga wa zamu aliniuliza jambo moja tu: walikaa muda gani bila barafu? Vibua, jodari na jamaa zao, akasema, wakikaa kwenye joto, bakteria wanageuza kitu fulani kilichomo kwenye mnofu wao kikawa histamini. Ndiyo hiyo inayomwasha mtu. Ikishatengenezeka, haitoki. Mafuta yachemke vipi, ndimu iwe kali vipi, ugandishe mwezi mzima, ipo. Na wakati mwingine samaki hanuki. Mimi, fundi wa kunusa, nilinuswa.

Wateja walirudi baada ya mwezi. Yule fundi baiskeli mpaka leo anakula kwangu tasi tu, na kabla ya kula ananitazama usoni.

Kwa hiyo ninapompima samaki Feri sasa, naanza na vibua. Nabonyeza mgongo kwa kidole gumba, kishimo kirudi hapohapo. Nafunua shavu, ndani iwe nyekundu ya damu mbichi, ikiwa kahawia naweka chini bila maneno. Jicho liwe limetuna na lina maji. Tumbo lisiwe limelegea. Wakati wa uvuvi wa mabomu nilikuwa naangalia na uti wa mgongo: samaki wa baruti ukimpasua unakuta damu imevilia tumboni, mifupa imeachana na mnofu, na kabla hujafika nyumbani keshalegea kama mlenda. Miaka hii nashukuru hao wamepungua sana, serikali iliwakaba wapiga baruti. Zamani ukikaa ufukweni asubuhi ungesikia mlio wa kwanza kabla ya adhana ya pili.

Huduma ya kupara ni ya kusifiwa. Mparaji wangu ni kijana wa Kilwa, kisu chake kimelika mpaka kimekuwa chembamba kama sindano ya mkeka, na wakati mimi nahesabu chenji yeye keshamaliza tasi kumi, miiba ya mgongoni imekatwa, nyongo haijapasuka. Ninachomwambia kila siku: utumbo, maini na mashavu tupa vyote, maana samaki akiwa na uchafu wa tope ndimo unamokaa zaidi. Na maji ya kusuuzia nakuja nayo, dumu la lita tano la maji ya bomba, sitaki yaliyochotwa ufukweni karibu na vyombo. Wananitania: "Mama Zamzam kaja!" Waniite.

Barafu nunua hapohapo, usione uchungu. Mimi naweka chini ya ndoo, samaki, barafu tena juu, gunia lililoloweshwa, ndipo napanda daladala. Abiria wananung'unika kwa matone. Napokea lawama zote hizo kuliko kumwona tena fundi baiskeli akiwa mwekundu.

Ukitaka kula palepale, nenda kwenye majiko, chagua samaki wako mbichi mwenyewe ndipo akaangwe. Usichukue aliyekwisha kukaangwa ukamkuta amepangwa, hata akiwa anapendeza, kwa sababu shavu lake hulioni tena. Nalisema hili nikijua na mimi kabatini kwangu nauza waliokwisha kukaangwa. Ndiyo maana nawaambia mtafute mama karanga mmoja mnayemjua, mumuulize anafika Feri saa ngapi.

Jumatano nilimpelekea mwanangu tasi sita, wale wa ukubwa wa kiganja. Tasi anakula majani ya baharini, hana wa kumbebea zebaki, na hawa walitoka Mafia, niliuliza. Nikawachemsha chukuchuku, ndimu, pilipili mbuzi mbili nzima zisizopasuka. Alikula wanne, akanyonya na miiba, akaniuliza kama kuna wengine. Mume wake akapata mchuzi.

Nguru wa Jumapili nilimla mimi usiku uleule, wote, na tui lake. Mimba yangu ya mwisho iko kidato cha nne.